Anti wa Mtandaoni: Afande Anataka Meseji za Kikoba Chetu, Nimpe?

Wapendwa wasomaji, barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, simu yako na nani ana haki ya kuichungulia. Nimezisoma zote na nyingine zimeninyima usingizi. Nimechagua sita, na majina ya waandishi nimeyaondoa kama walivyoomba.

Shikamoo Anti. Mimi ni katibu wa kikoba hapa Tabata, tupo wanawake 34 na mimi ndo admini wa kundi letu la WhatsApp. Mwenzetu mmoja alituma ujumbe wa sauti akimtaja mtu kwa jina kwamba amekula hela za watu, kumbe ile sauti imetoka nje ya kundi na yule mtu kaenda polisi. Sasa nimepigiwa na mtu anajiita afande, anataka nimtumie namba za wanachama wote na meseji zote za kundi tangu mwanzo wa mwaka, tena nimtumie kwa WhatsApp. Nikikataa nafungwa? Nikitoa, wenzangu nitawaangaliaje usoni? Nina presha Anti. — Katibu, Tabata

Marahaba mwanangu, kwanza kaa chini unywe maji.

Mtu aliyekupigia simu, mpaka sasa ni sauti tu. Unajuaje kama ni afande? Matapeli wa mjini wanajua kujiita afande, afisa wa benki, mtu wa TRA, chochote. Kwa hiyo hutumi kitu chochote kwa WhatsApp. Mwambie kwa heshima kabisa, "Afande nipo tayari kushirikiana, naomba jina lako, kituo chako na namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, nitakuja kituoni na mwenyekiti wangu." Kama ni wa kweli atakupa, kama ni tapeli simu itakatika hapo hapo.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, maana wengi wanaisikia kwa jina tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya hapa kwetu Tanzania ilipitishwa mwaka 2015, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Kifungu cha 31 kinasema mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa cheo kinacholingana na hicho, akiridhika kuna sababu za msingi anaweza kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa. Kifungu cha 32 kinampa uwezo wa kuamuru mtu yeyote mwenye data aitoe kwa ajili ya upelelezi. Umeona hapo? Amri inatoka kwa mkuu wa kituo, sio kwa kila anayevaa magwanda na wala sio kwa kupigiwa simu saa mbili usiku. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza iko wapi hiyo amri, nani kaitoa na inataka nini hasa. Halafu kuna kifungu cha 22, hicho kinahusu kuharibu data au kuzuia upelelezi kwa makusudi, na hapa nakusihi mwanangu, USIFUTE kundi, usifute ile sauti, usiwaambie wenzako wafute. Wengi wanaingia matatani sio kwa walichosema bali kwa walichofuta kwa woga.

Wala hicho kifungu cha 22 sio cha kutishia watoto. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa Jamii Forums, alikamatwa Desemba 2016, na kesi yake ilihusu kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za watumiaji wa mtandao wake. Kampuni yake ilikuwa imeshakwenda Mahakama Kuu kuomba vifungu vya namna hiyo vitamkwe kuwa vinavunja Katiba, na Machi 2017 wakashindwa. Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwenye mojawapo ya kesi zake, faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Nakueleza haya sio kukuongezea presha, ni ujue kwamba swali lako ndo lile lile alilokuwa nalo yeye, tofauti yeye alikuwa na maelfu ya watu nyuma yake na wewe una 34.

Na hapa niseme la moyoni. Mimi sipingi kuwepo sheria ya mtandao, naitaka. Kila siku napata barua za mama zetu walioibiwa kwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", nataka wale watu wakamatwe leo. Ninachokikataa ni kwamba kwenye hatua ya kwanza kabisa ya upekuzi, anayeomba ndo huyo huyo anayejiruhusu. Polisi anapeleleza, polisi mwenzake wa kituo hicho hicho anatoa amri. Mahakama inatajwa huko mbele, pale mwenye data anapokuwa mgumu. Mimi naona hakimu angekuwa mlangoni tangu mwanzo, asome, aulize, mnataka nini na kwa nini. Katiba yetu ibara ya 16 inataja kabisa hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu, na inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria wa namna na kiasi cha kuingilia haki hiyo. Hilo neno kiasi nalipenda sana, maana kesi yenu inahitaji sauti moja ya mtu mmoja. Haihitaji kujua nani kakopa laki mbili za ada, nani kaomba udhuru kwa sababu mimba imetoka, nani kaachika. Hayo yote yamo kwenye kundi lenu tangu Januari, si ndio?

Kwa hiyo nenda kituoni na mwenyekiti, mkiweza na wakili, kuna mashirika ya msaada wa kisheria hayatozi hela. Muulize afande anahitaji ujumbe upi, toa huo na omba iandikwe ulichotoa. Wenzako waambie kabla hujaenda. Wakikununia leo watakuelewa kesho.

Mambo Anti. Nilikopa elfu 50 kwenye aplikesheni ya mikopo, wakanikata juu kwa juu nikapokea 36. Siku ya saba nilichelewa kulipa, basi wakatuma meseji kwa bosi wangu, baba mkwe, mpaka dada anayeniuzia vitenge, kwamba mimi ni mwizi na wao ndo wadhamini wangu. Baba mkwe haongei na mimi mpaka leo. Naambiwa hakuna cha kufanya kwa sababu niliwaruhusu mwenyewe nilivyoinstoli. Ni kweli? — Mke wa mtu, Morogoro

Pole sana dada yangu, na hapana, sio kweli. Hiyo ndo barua niliyoipata mara nyingi kuliko zote mwaka huu, na watu wameipa jina linalofaa kabisa, kausha damu.

Kilichotokea ni hivi. Ulipoweka ile aplikesheni ilikuuliza iruhusiwe kuona majina kwenye simu, picha, meseji, mahali ulipo, na wewe una shida ya hela, mtoto karudishwa shule, ukabonyeza ruhusu ruhusu ruhusu. Dakika hiyo hiyo majina yote yanapakuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasema taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na la halali, na zisitumike kwa lengo lingine. Wewe ulikubali kukopa, hukukubali kutangazwa. Halafu kuna kitu watu hawakifikirii, hebu nisikilize vizuri. Baba mkwe wako hakukopa. Hakuinstoli chochote. Hakubonyeza ruhusu hata mara moja. Namba yake imechukuliwa kutoka kwenye simu ya mtu mwingine na ikatumiwa kumuaibisha mkwewe, kwa hiyo naye ana haki yake, naye anaweza kulalamika kwa jina lake. Huenda hilo likawa ndo njia ya nyie wawili kuanza kuongea tena, mkiipeleka barua ya malalamiko pamoja.

Malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia aliizindua rasmi Aprili 2024. Piga skrinishoti za meseji zote, namba zilizotuma, saa na tarehe, waombe bosi na dada wa vitenge wakutumie zao. Adhabu zipo. Mtu binafsi anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria faini inaanzia laki moja hadi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, na kampuni ni kuanzia milioni moja mpaka bilioni 5. Kama meseji ni za matusi na vitisho kuna pia kifungu cha 23 cha ile sheria ya 2015, kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu, kwa hiyo polisi nako kunakuhusu. Unaona sasa, sheria ile ile niliyoilalamikia hapo juu kwa dada wa kikoba ndo inayoweza kukusimamia wewe, ndo maana sitaki ifutwe, nataka irekebishwe.

Angalia pia kama hao watu wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha bila kibali. Na kama unadhani hawa watu hawashikiki, Septemba 2023 wenzetu Kenya, Ofisi ya Kamishna wa Data ilimpiga faini ya shilingi 2,975,000 za kule mkopeshaji mwenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, kosa lake lilikuwa hilo hilo la kuchukua namba za watu na kuwatumia vitisho.

Deni sikwambii usilipe. Ulichokopa ni chako, lipia kwa njia inayoacha risiti. Ila ingia kwenye mipangilio ya simu leo utoe zile ruhusa, na ujue kwamba kuifuta aplikesheni hakurudishi majina waliyokwisha kuyachukua.

Anti za saa hizi. Mimi fundi simu Mwanza, nina kijana namfundisha kazi. Juzi nimemkuta anahamisha picha za mteja kwenye fleshi yake, picha za faragha, dada wa watu alileta simu kubadilisha kioo tu. Nimemfukuza lakini sijui kama nimwambie mteja, naogopa biashara itakufa. — Fundi

Kaka, nimekaa na barua yako siku tatu. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na nyie mafundi simu wa siku hizi mmekuwa waosha wetu, tunawakabidhi maisha yetu yakiwa wazi kabisa tunaenda kunywa chai pembeni tukisubiri. Mwosha akitoka nje akasimulia, nani atamuita tena?

Mwambie. Leo. Biashara itakufa zaidi siku zile picha zikianza kuzunguka mjini na yule dada akakumbuka simu yake ilipita mkono wa nani. Kisheria kijana wako kaingia kwenye data bila ruhusa, hilo ni kosa chini ya sheria ya 2015, na picha za namna hiyo akizisambaza kifungu cha 14 kinaanzia faini ya milioni 20 au jela miaka 7. Ile fleshi iko wapi? Kama ameondoka nayo basi bado hujamaliza kazi, nendeni polisi wewe na mteja mkaitafute. Usiivunje wala kuifuta mwenyewe hata ukiipata, hiyo ndo ushahidi wake.

Na kuanzia sasa kioo kikibadilishwa mteja ajaribu mwenyewe, afungue mwenyewe, paswedi usiiandike kwenye karatasi ukaigandisha nyuma ya simu kama navyoona kwenye vibanda vingi. Nakushukuru kwa kuandika, wengi wangenyamaza.

Hujambo bi. Mimi niko Likoni. Huku kwetu kulikuwa na makelele mengi juu ya sheria mpya ya mtandao, wengine wasema serikali itafunga akaunti za watu, wengine wasema ni ya kuwalinda watoto. Nishike lipi? — Mvuvi wa Likoni

Sijambo, ahsante, salamu zangu kwa watu wa Likoni wote.

Shika yote mawili ndugu yangu, ndo ugumu wa hizi sheria ulipo. Huko kwenu Kenya, sheria mama ya uhalifu wa mtandao ni ya 2018. Ilitiwa saini Mei ile, na mwezi haujaisha Chama cha Wanablogu cha Kenya kikaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa, mpaka Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iendelee. Halafu Oktoba 2025 Rais Ruto akasaini marekebisho. Ndani yake kamati ya taifa ya uhalifu wa mtandao imepewa nguvu ya kuagiza tovuti au programu zifungwe zikiendeleza mambo haramu, picha za ngono za watoto, ugaidi, misimamo mikali ya dini. Nani atapinga kufungia picha za watoto? Hakuna. Tatizo ni yale maneno mengine yasiyo na mpaka, mambo haramu kwa macho ya nani, msimamo mkali unaanzia wapi. Siku chache tu baada ya saini, tarehe 22 Oktoba, Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27 kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni, baada ya mwimbaji Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, kufungua kesi. Kifungu hicho adhabu yake inafika milioni 20 za Kenya au miaka 10.

Lakini nikwambie kitu ambacho nawaonea wivu. Sheria yenu ya 2018, kifungu cha 48, polisi akitaka kupekua data iliyohifadhiwa aende mahakamani aombe kibali. Haimaanishi kila afande anafanya hivyo, nasoma magazeti yenu. Ila mwananchi ana mahali pa kusimama na kusema kibali kiko wapi. Kuna tofauti kubwa hapo na sisi wa upande huu.

Anti mimi sikuelewi. Sheria ya data ipo, Tume ipo, bado mnalalamika tu. Mimi simu yangu polisi wachukue hata sasa hivi, sina cha kuficha. Kama huna cha kuficha unaogopa nini? — Mwanachuo, Dodoma

Mwanangu, nyumbani kwenu mlangoni kuna pazia? Nina uhakika lipo. Mama yako kafanya uhalifu gani ndani mpaka akatundika pazia?

Nikupe kisa changu. Niliwahi kwenda ofisi moja hapa mjini, getini mlinzi akanipa daftari la wageni, jina, namba ya simu, unatoka wapi, unakwenda kumuona nani. Nikaandika kama wote. Usiku nikaanza kupokea meseji za mwanaume nisiyemjua, ananiita kwa jina langu kamili, ananisifia gauni nililovaa mchana. Alisoma tu kwenye daftari, alikuwa amepanga foleni nyuma yangu. Sikuwa nimeficha chochote, na wiki nzima sikutoka nyumbani peke yangu. Tangu siku hiyo ukiniambia "huna cha kuficha" nakuwa mkali, nisamehe.

Na hiyo simu yako unayoitoa kirahisi hivyo, mwenye vitu ndani sio wewe peke yako. Kuna dada yako aliyekutumia majibu ya hospitali, kuna rafiki aliyekulilia usiku. Umewauliza?

Kuhusu sheria ya data, ni nzuri, nimeitumia hapo juu kumsaidia dada wa Morogoro. Lakini isome mpaka mwisho, kuna misamaha humo, usalama wa taifa, kuzuia na kugundua uhalifu, hapo masharti mengi yanalegea. Yaani inakulinda zaidi dhidi ya muuza mikopo kuliko dhidi ya mwenye mamlaka. Na sio mimi tu ninayeona mapungufu. Wakili Tito Magoti aliipeleka sheria hii Mahakama Kuu, na Mei 2024 mahakama ikakubali kwamba baadhi ya vifungu vyake havieleweki vizuri, vikitoa mwanya, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Huyo alilalamika, na kulalamika kwake kumekusaidia na wewe unayetuambia tunalalamika tu. Umoja wa Afrika kupitia mkataba wa Malabo wa 2014 ulishaweka usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi kwenye karatasi moja, sio karatasi mbili zinazopigana. Wewe ni mwanachuo, una muda na una maktaba, uutafute.

Anti nimeambiwa kuna laini imesajiliwa kwa jina langu na inatumika kutapeli watu. Mimi nina laini moja tu. Naanzia wapi? — Muuza genge, Mbagala

Anza sasa hivi kabla hujafunga genge. Piga *106# kwenye simu yako, itakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA kwenye mtandao huo. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019 laini yoyote imeunganishwa na kidole cha mtu, ndo maana matapeli wanatafuta vidole vya watu. Wale vijana wa mwavuli wanaokwambia "mama weka kidole tena, haijasoma", kidole cha pili wakati mwingine kinasajili laini ya pili, kwa hiyo usiweke tena mpaka uone mwenyewe kwenye mashine imeandika nini.

Ukikuta namba usiyoijua iandike, nenda duka kubwa la mtandao huo na kitambulisho chako useme hii sio yangu ifutwe. Pita na polisi uchukue RB ili siku mtu aliyetapeliwa akija na namba hiyo uwe na karatasi yenye tarehe mkononi. Na meseji za kitapeli zikikufikia wewe, namba iliyozituma ipeleke 15040, ni bure. Pale dukani usiondoke kwa kuambiwa tu "mama tayari". Piga tena *106# ukiwa umesimama mbele yao, na kama bado ipo, kaa hapo hapo kwenye kiti.